Kupima Uvujaji: Kutoka Rejeta ya Matatu Hadi Tarakilishi

Hebu nikuulize. Umewahi kumtazama fundi wa baiskeli akitia mpira wa gurudumu ndani ya karai la maji? Mpira huo hauna uchafu wa kuoshwa. Fundi anatafuta tundu ambalo jicho lake haliwezi kuliona, hata alikodoe namna gani. Hewa ikitoka hapa nje haionekani. Ikitoka ndani ya maji hupiga viputo, na papo hapo fundi huweka kidole, akachora alama kwa kalamu, akaanza kukwaruza.

Makala haya yanahusu karai hilo. Nimeanza na baiskeli kwa sababu kila mmoja wetu anaijua. Kutoka hapo tutaenda kwenye kinu cha posho, tupite kwa mafundi wa rejeta kule Migori, halafu tufike kwenye ile tarakilishi ya maabara yetu ambayo imewafanya wengi waulize maswali tangu muhula uliopita. Ati kweli maji yanapita ndani ya kompyuta? Naam, yanapita. Na kabla ya kupita yalipimwa, na namna yalivyopimwa ndiyo sababu ya mimi kushika kalamu.

Kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, wacha kwanza tulitazame neno lenyewe. Kuvuja ni neno pana mno. Maji huvuja, mtungi huvuja, paa huvuja, siri huvuja, na mitihani nayo huvuja, ingawa hiyo ni kesi ya Wizara na mimi simo. Mafundi hawatosheki na neno moja. Mwambie fundi kwamba rejeta yako inavuja, naye atakuuliza, "Inavuja vipi?" Kama maji yanachuruzika, kazi ni rahisi, hata mtoto ataona. Kama yanadondoka tone baada ya tone, itakubidi ungoje. Kuna pia ile hali ambapo kiungo kinatoa jasho tu: unakipangusa kwa kitambaa, kinakauka, dakika kumi baadaye kimelowa tena. Halafu upo uvujaji mbaya kuliko wote, ule wa ndani kwa ndani, usioonyesha hata tone moja nje. Kila aina ina kipimo chake. Fundi anayetafuta jasho kwa kipimo cha kuchuruzika atasema "iko sawa", na gari litakufa njiani kabla ya kufika Rongo.

Lakini kwanza, kwani maji ya nini? Kwa nini tusipoze kila kitu kwa upepo?

Katika somo la Fizikia tulifundishwa kwamba kilo moja ya maji huhitaji karibu jouli 4,200 ili joto lake lipande kwa digrii moja ya Selsiasi. Kilo moja ya hewa huhitaji karibu jouli 1,000 tu. Mtu anaweza kusema tofauti si kubwa hivyo. Hebu afikiri tena. Kilo moja ya maji ni lita moja, chupa tu ya kubeba mkononi. Kilo moja ya hewa, huku kwetu juu ya ziwa, hujaza karibu mapipa matano ya lita 200. Ukilinganisha kwa ujazo, basi, maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa. Ndiyo maana kijipaipu chembamba kama kidole huweza kufanya kazi ambayo feni kubwa yenye kelele inashindwa nayo.

Kila mfumo wa kupoza kwa maji ni duara. Maji hutoka penye joto, hufuata paipu hadi pahali pa kulitupa hilo joto, kisha hurudi. Penye paipu pana kiungo, na penye kiungo ndipo maji hujaribu kutoroka.

Mfano ulio wazi zaidi nimeuona kwenye kinu cha posho. Ukienda sehemu za Nyatike au Ndhiwa zilizo mbali na nyaya za umeme, utakuta kinu kinachoendeshwa kwa injini ya dizeli, nyingine zikiwa zile kongwe za Lister kutoka Uingereza, na kando yake pipa la maji. Pipa lina paipu mbili, moja karibu na juu na nyingine chini. Hakuna pampu. Maji yanayopata joto ndani ya injini huwa mepesi, hupanda na kuingia pipani kwa juu. Yaliyopoa huteremka na kuirudia injini kwa chini. Duara hilo hujiendesha lenyewe, mradi tu maji yaufunike mdomo wa paipu ya juu.

Hapo ndipo penye mtego. Pipa likivuja polepole, tuseme maji yashuke vidole viwili tu chini ya ule mdomo, mzunguko hukatika. Ukilichungulia pipa utasema limejaa! Kumbe injini inapikwa. Baada ya muda inanoki, na akina mama waliopanga foleni na madebe ya mahindi wanarudi nyumbani bila unga. Kutengeneza injini iliyonoki kunaweza kula faida ya miezi.

Mwenye kinu aliye makini hupima hivi. Jioni akizima injini na maji yakipoa, huchora mstari wa mkaa ndani ya pipa, sawa na uso wa maji. Asubuhi huutazama kabla ya kuwasha. Mbona asipime mchana? Kwa sababu mchana injini ikifanya kazi, maji hupungua kwa mvuke hata kama hakuna tundu popote. Usiku, injini ikiwa baridi, mvuke ni kidogo sana, kwa hiyo maji yakishuka sana chini ya mstari ujue yamepitia tunduni. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, na kinatenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya.

Sasa twende Migori mjini. Migori ni mji wa safari. Barabara kuu ya A1 kutoka mpakani Isebania hupita katikati yake ikielekea Awendo, Rongo na Kisii, na magari yanayopanda njia hiyo hubeba kila kitu, kuanzia abiria hadi miwa ya kiwanda cha sukari cha Awendo. Gari lililojaa kupita kiasi, likipanda mlima kwa gia ya pili saa nane mchana, huila rejeta yake vibaya. Mafundi wa jua kali hawakosi kazi.

Nilimkuta mzee mmoja fundi akiwa ameinamia nusu pipa la maji. Nikamwamkia, nikamwomba anieleze.

"Kijana wangu," akasema, "usianze na maji. Anza na brashi."

Maana yake ni kwamba rejeta iliyotolewa kwenye gari huoshwa kwanza. Matope na kutu vinaweza kuziba tundu kwa muda. Ukiipima chafu itapita mtihani vizuri, kisha tope litoke barabarani na maji yalifuate. Ikishaoshwa, midomo yake miwili huzibwa kwa vizibo vya mpira vilivyokazwa kwa klipu. Kizibo kimoja kina valvu, kama ile ya baiskeli. Hewa hupigwa kwa pampu, kisha rejeta nzima huzamishwa pipani.

Viputo vikaanza kutoka kila mahali! Nikadhani rejeta imekufa kabisa. Mzee akacheka. "Hivyo si vyenyewe. Ngoja." Kumbe katikati ya yale mapezi membamba ya rejeta hunaswa hewa ya nje inapozamishwa, na hewa hiyo hutoka pia. Fundi huitikisa rejeta majini, akangoja vile viputo vya bure viishe. Kinachobaki kikitoka mahali pamoja, kiputo kwa kiputo kama shanga kwenye uzi, hicho ndicho. Kama rejeta ni ya zamani, ya shaba, mahali hapo husafishwa na kulehemiwa. Za siku hizi aghalabu ni za alumini zenye matangi ya plastiki yaliyobanwa juu yake kwa meno, na plastiki hailehemiki. Tangi likipasuka ni kutafuta jingine, au kuishi na gundi na maombi.

Nikamwuliza ni presha kiasi gani (darasani tunasema kanieneo, lakini ukilitamka neno hilo gereji watakutazama). Akanionyesha kifuniko cha rejeta. Juu yake pameandikwa namba: 0.9 kwa hiki, 1.1 kwa kingine. Hiyo ndiyo presha ambayo kifuniko huizuia kabla ya kuifungulia, na hapo ndipo kipimo huishia. 0.9 ni kama paundi 13 kwa inchi mraba, hata nusu ya presha ya gurudumu la gari dogo haifiki. Ukipiga hewa kama unajaza tairi, utapasua rejeta nzima kisha useme umegundua tundu.

Na presha hiyo ina kazi gani? Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huku kwetu, maji ya sufuria iliyo wazi huchemka kwa nyuzi 96 hivi, wala hayangoji 100 za kitabuni. Migori mjini, palipo juu zaidi ya ziwa, huchemka mapema kidogo zaidi. Injini nyingi hufanya kazi kwa joto la karibu nyuzi 90. Nafasi iliyobaki ni nyembamba mno! Kifuniko kikizuia presha, kiwango cha kuchemka hupanda kupita nyuzi 110, na injini hupata nafasi ya kupumua. Kwa hiyo tundu dogo kwenye rejeta hupoteza maji na pia presha, na presha ikipotea maji yaliyobaki huchemka upesi.

Hapa naomba msomaji unisikilize vizuri, hasa wewe unayependa kusimama mlangoni na makanga. Kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi. Maji yaliyo ndani yana joto la kupita kuchemka na yametulia kwa sababu ya presha tu. Ukifungua, presha huondoka ghafla, na maji hayo hugeuka mvuke na kukurukia usoni. Ngoja injini ipoe hadi uweze kuishika rejeta kwa kiganja. Nusu saa ya kuchelewa si kitu.

Mzee alinionyesha vipimo vingine pia, nami nitavipitia haraka. Rejeta isiyoweza kutolewa garini hupakwa povu la sabuni kwenye viungo, na povu hufura penye tundu. (Ni kipimo kile kile cha mtungi wa gesi nyumbani. Sabuni, tafadhali! Wapo wanaotumia kiberiti, na sijui wanatarajia jibu gani.) Uvujaji wa ndani, kwa mfano gasketi ya kichwa cha injini ikiungua, hutambulika kwa oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa, au kwa viputo vinavyopanda ndani ya rejeta injini inapowashwa. Kuhusu wale wanaovunja yai ndani ya rejeta ili lipikike na kuziba tundu, kweli yai huweza kuziba. Huziba tundu, na huziba vijipaipu vingine vyote pia. Mtu akikwama porini na giza linaingia sitamlaumu. Akifanya hivyo mjini, hapana.

Jambo lililonishangaza zaidi ni muda. Mzee hakuitoa rejeta majini upesi. Alisema yapo matundu yanayongoja. Yapo yanayofunguka chuma kinapopata moto na kutanuka, na yapo yanayovuja asubuhi kwenye baridi kisha yakajifunga gari likipata joto. Nikakumbuka mashua pale Homa Bay. Mashua ya mbao iliyokaa juani wiki nzima ikitiwa ziwani huingiza maji siku ya kwanza hata kama kalafati yake ni nzuri. Mbao hunywa maji, huvimba, na nyufa hujifunga. Mvuvi anayeijua mashua yake huikumbatanisha na maji kwanza karibu na ufuo kabla ya kwenda nayo mbali. Kwa hiyo ukipima kwa dakika tano unapata jibu la dakika tano.

Basi tufike kwenye tarakilishi, au kompyuta kama tunavyoiita tukitoka darasani.

Prosesa yenye nguvu inaweza kutoa joto la wati 100 na zaidi, kama ile globu ya zamani iliyokuwa ikiunguza vidole, na joto hilo lote linatoka kwenye kipande kidogo kuliko stempu ya barua. Kadi ya picha iliyo kubwa hufika wati 300 na kupita. Kupoza tarakilishi kwa maji si jambo geni. Mashine kubwa ya IBM iitwayo 3081, iliyotangazwa mwaka wa 1980, ilipozwa kwa maji, na vivyo hivyo Frontier, tarakilishi kuu iliyowashwa kule Tennessee, Marekani, na kushika nafasi ya kwanza duniani mwaka wa 2022. Hatari yake nayo si ngeni. Mwaka wa 2004 kampuni ya Apple ilitoa Power Mac G5 iliyopozwa kwa kimiminika. Baada ya miaka kadhaa baadhi zilianza kuvuja, na kimiminika hicho kikala vyuma na kuharibu sehemu za umeme.

Yetu iliundwa na wenzetu wa Chama cha Sayansi. Sehemu nyingine zilinunuliwa mitumba, na vifaa vya maji vilitoka kwa mwanafunzi wa zamani wa shule hii aliye ng'ambo. Kazi yake ni kuhariri video za tamasha la drama na filamu, na kupanga kurasa za jarida hili. Ni mashine moja tu. Ikiungua, hakuna nyingine, na nina shaka kama bodi ya shule ingetupa fedha mara ya pili.

Ilikamilika Alhamisi jioni. Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi. Mnaweza kukisia kilichofuata.

"Omera, washa tu!" mmoja akasema. "Maji yakitoka si tutaona?"

Hoja hiyo ilipata wafuasi wengi. Ubaya wake ni kwamba macho huchelewa. Tone likianguka juu ya bodi yenye umeme, shoti hutokea kabla hujageuza shingo. Bodi isiyo na umeme ikilowa inaweza kukaushwa na ikaishi. Mwalimu anayesimamia maabara alikataa katakata, akasema hewa kwanza, maji baadaye, umeme wa mwisho.

Kwa hiyo Ijumaa saa sita mchana mfumo ulifungwa ukiwa mkavu, ukaunganishwa na pampu ndogo ya mkono yenye geji, ukajazwa hewa hadi 0.50. Geji haina haja ya karai. Huwezi kuizamisha kompyuta, basi unaitazama sindano. Sindano ikitulia, hewa haijatoroka. Dakika thelathini zilipita bila sindano kutikisika. Mwalimu akasema iachwe hadi asubuhi.

Jumamosi alfajiri sindano ilikuwa imeshuka hadi karibu 0.45. Mtafaruku! Wengine walishaanza kufungua viungo. Aliyetuokoa ni mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekuwa na daftari lake la Fizikia. Alituuliza swali moja: jana mchana kulikuwa na joto kiasi gani, na sasa je? Mchana chumba kilikuwa nyuzi 30. Usiku mvua ilinyesha, na asubuhi ile kipimajoto kilionyesha 18.

Presha ya gesi iliyofungiwa mahali pamoja hupungua inapopoa, na hesabu yake hufanywa kwa Kelvini. Huku kwetu hewa ya kawaida ina presha ya karibu 0.88. Ukiongeza 0.50 ya geji unapata 1.38. Nyuzi 30 ni Kelvini 303, na nyuzi 18 ni 291. Zidisha 1.38 kwa 291, gawanya kwa 303, unapata karibu 1.325. Ondoa 0.88. Jibu ni 0.445. Sindano ilikuwa mahali pale pale ilipopaswa kuwa! Hakuna hewa iliyotoroka. Ilikuwa imesinyaa kwa baridi tu. Jua lilipopanda na chumba kikapata joto, nayo ilianza kupanda yenyewe kurudi kwenye 0.50. Kusema kweli, sheria za gesi hazijawahi kunifurahisha kama siku ile.

Yakafuata maji. Yalitiwa maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri (soma kibandiko, usije ukabeba asidi). Maji ya bomba au ya ziwa yana madini na viumbe vidogo, na mwishowe huacha ukoko kama ule wa ndani ya birika. Wengine husema maji safi hayapitishi umeme, kwa hiyo hayana hatari. Ni kweli kwamba hayapitishi vizuri yakiwa mapya. Yakizunguka wiki kadhaa ndani ya vyuma huokota chembe, na tone likiangukia vumbi la bodi huokota zaidi. Usiyaamini. Vilevile usichanganye shaba na alumini ndani ya mzunguko mmoja. Wanaosoma Kemia wanajua kitakachotokea: alumini italiwa hadi itoboke.

Kisanduku cha umeme kiliunganishwa na pampu ya maji peke yake, mbele ya mwalimu. Bodi na kadi zote zilichomolewa, hazikupata umeme hata kidogo. Chini ya kila kiungo iliwekwa karatasi ya shashi nyeupe, kwani karatasi hiyo ikipata tone moja hujikunja na kubadilika rangi, na hata likikauka alama hubaki. Pampu ikawashwa. Haitakiwi kuzunguka kavu, kwa hiyo tangi lake lilijazwa kwanza na likaongezwa kila maji yaliposhuka. Kisha kisanduku kizima kikasimamishwa na kuinamishwa huku na huku ili hewa iliyonaswa itoke.

Wazazi walipofika waliikuta hivyo, skrini nyeusi, pampu ikivuma, maji ya rangi ya buluu yakizunguka, na karatasi za shashi kila mahali. Mzazi mmoja akauliza kama ni mashine ya kuuza juisi. Tukamweleza. Alionekana kuelewa, ingawa alitazama juisi ile mara mbili zaidi kabla ya kuondoka.

Saa tatu usiku, saa tisa baada ya pampu kuwashwa, karatasi moja ilikuwa na doa dogo la buluu. Hapakuwa na tone la kuonekana. Kiungo cha kwenye rejeta ndogo kilikuwa kikitoa jasho.

Swali likawa, mbona hewa haikutuambia? Hewa hupenya matundu madogo kuliko maji, na usiku kucha haikuwa imetoka. Jibu lilipatikana kwa kutazama paipu. Ijumaa mashine ilipimwa ikiwa imelala mezani. Jumamosi ilisimamishwa, na iliposimama paipu moja ikawa fupi kidogo, ikakivuta kiungo pembeni, ile pete ya mpira ya ndani ikabanwa upande mmoja na kulegea upande wa pili. Tundu hilo halikuwepo Ijumaa. Ndiyo maana yule mzee wa Migori hupima rejeta kwa presha ya kifuniko chake, na mwenye kinu hupima pipa kwa usiku mzima: kitu hupimwa katika hali ile ile kitakayofanyia kazi, au kwa hali iliyo karibu nayo kadiri iwezekanavyo.

Paipu ilibadilishwa kwa nyingine ndefu kidogo, kiungo kikafunguliwa na pete ikakaguliwa. Mfumo ukapimwa kwa hewa tena, mara hii ukiwa umesimama. Pampu ikazunguka saa ishirini na nne, karatasi zote zikabaki kavu. Ndipo bodi ikapewa umeme, na kwa saa mbili mashine ikafanyishwa kazi ngumu ili maji yapate joto, karatasi zikiwa bado mahali pake. Hazikupata doa.

Kurasa unazosoma zimepangwa kwa mashine hiyo. Kwenye tangi lake dogo tumechora mstari wa kalamu sawa na uso wa maji, na tarehe pembeni. Wanachama huutazama kwa zamu kila Jumatatu asubuhi, mashine ikiwa baridi, kabla ya mtu yeyote kugusa kitufe.